Saa Kumi na Mbili Kamili

Majuzi nilialikwa chai Hurlingham na Wambui, mjukuu wa marehemu Mjomba Karanja. Mkahawa wenyewe ni wa aina hii mpya inayopamba kuta zake kwa vyombo vya ofisi za zamani: tapureta isiyo na utepe, simu nyeusi ya kuzungusha, na juu ya meza yetu, ikiwa imepakwa vanishi kama jeneza, saa ya kugongea kadi, ile ya kuandika saa ya mfanyakazi kuingia na kutoka. Kijana wa meza ya pili alisimama, akachomeka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa saa ile, akabonyeza mkono wa chuma. Ka-ting! Nilikitua kikombe kabla chai haijanimwagikia.

Wambui alicheka. "Anti, ona hii kitu! Si ndiyo kama ile ya babako? Ile alikuwa anagongesha nayo cucu, mamako, kadi kama kibarua?"

"Nani aliyekuambia hivyo?"

"Si kila mtu anajua? Guka alikuwa anatuambia kila Krismasi. Ati yule mzee Mtaita alifunga dada yake na mashine mpaka akakufa."

Alilisema neno hilo la guka, yaani babu yake Karanja, bila ubaya wowote, huku akipaka siagi kwenye mkate. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba jambo lile limekwisha kukomaa hata linaweza kusemwa mkate ukipakwa siagi.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa masjala. Kwa muda wote wa utumishi wangu sikuruhusu karatasi yenye kosa irudi jaladani bila sahihisho na saini pembeni. Majalada ya watu nisiowajua niliyalinda hivyo. La nyumbani kwetu nimeliacha na kosa lake kwa zaidi ya nusu karne. Sasa nalifungua.

Niweke wazi tangu mwanzo kwamba saa ya mkahawani haikuwa yetu. Yetu ilikuwa na kovu ubavuni, mahali Baba alipotoboa tundu la kupitishia waya wa breki ya baiskeli. Lakini mlio ni uleule, na harufu pia, kwa maana nilisimama nikainusa mbele ya watu: mafuta ya mashine na wino mkavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya koti la baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mashine za ofisi katika karakana moja nyuma ya River Road. Alitoka Taita akiwa kijana, akajifunza kazi kwa kuwashikia wengine bisibisi, na kufikia wakati ninaoukumbuka hapakuwa na mashine iliyoletwa pale ikarudishwa kwa mwenyewe bila kupona. Mama alizaliwa Muthangari, katika ukoo wa Wakikuyu waliolima huko kabla nyumba za ghorofa hazijafikiriwa. Tuliishi vyumba viwili vya mabati Riruta, upande ambao siku hizi unaitwa Satellite. Kwa kuwa hakuna aliyeimudu vizuri lugha ya mwenziwe, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, naye Mama alikisema kwa namna yake ya Muthangari hadi mwisho. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha, na sauti yake ndiyo iliyoniambia, nikiwa bado njiani kutoka shule, kwamba nyumbani ni salama.

Nilikuwa darasa la tatu alipoanguka mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kwenye foleni ya bomba. Debe lake liligonga saruji, kisha yeye mwenyewe akalala juu ya maji akitetemeka, macho yamegeuka. Wanawake waliokuwa wakizungumza naye sekunde moja kabla walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama watu walioitwa.

"Msimguse! Mate yake yanaambukiza!"

Hakuna aliyemgusa. Nilimshika kichwa peke yangu. Alipozinduka aliangalia tu ile duara ya miguu iliyosimama mbali, akajua.

Mjomba Karanja, kaka yake mkubwa, alitaka aombewe. Baba alimpeleka zahanati moja mjini, na daktari akasema ni kifafa. Aliandika vidonge vya asubuhi na vya jioni, akamwonya Baba kwa ukali kwamba dawa hizi hazirukwi hata siku moja. Shida ni kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa ukimla Mama kumbukumbu. Aliweza kushikilia kidonge mkononi huku akikitafuta mezani.

Ndipo Baba alipoanza kuleta nyumbani mashine zilizokuwa zimekataliwa na ofisi.

Ya kwanza ilikuwa saa ya kengele iliyounganishwa na kengele ya baiskeli. Haikufaa. Cherehani ilipokuwa katika mwendo, kengele hata kumi zisingesikika. Ya pili alitumia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Aliifunga kwa uzi kwenye saa, hata ilipofika saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, breki ilifunguka na santuri ikaanza kuimba yenyewe. Santuri pekee isiyo na ufa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya bendi ya tarumbeta. Siku ya kwanza watoto wa ploti yote walitoka na sufuria wakatembea mstari mmoja, kushoto kulia, huku Mama akicheka hadi akalazimika kukaa chini. Mama Atieno, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akipiga mabati kwa mwiko.

"Mama Wakio! Jeshi imefika! Meza dawa, tusipigwe risasi!"

Wiki ya kwanza Mama alimjibu kwa kicheko. Wiki ya pili mteja mmoja aliyekuwa akipimiwa sare ya mwanawe aliuliza, "Dawa ya nini?" na kabla mwezi haujaisha, wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, wakisema wamepata fundi wa karibu zaidi. Mmoja wao alikuwa akiishi mlango wa tatu kutoka kwetu.

"Baba Wakio," Mama alisema jioni ile, akiwa anaikunja chaki yake ya kupimia katika kitambaa. "Nitafutie kitu haina mdomo."

Kuna kiwanda kilichokuwa kikifungwa upande wa mjini, na vyombo vyake vya ofisi vilipita karakanani kwao. Baba aliomba saa ya kadi iliyokuwa imevunjika. Aliitengeneza wakati wa chakula cha mchana, siku baada ya siku, kisha akaileta kwa mkokoteni kutoka kituo cha basi, imefunikwa gunia kama mgonjwa. Aliitundika kwenye ukuta wa mbao uliotenga jiko na mahali pa kushonea. Chini yake aliweka droo ndogo ya bati, na waya wa breki ukatoka ubavuni mwa saa hadi kwenye droo ile. Ukichomeka kadi na kubonyeza mkono, saa iligonga wakati kwenye kadi, na papo hapo droo ikafunguka na kukuonyesha vidonge vya wakati ule. Aliyegonga kati ya saa kumi na mbili na kumi na mbili na robo alipata wino wa buluu. Aliyechelewa alipata mwekundu, kwa maana ndivyo saa zile zilivyoundwa, zimwaibishe mfanyakazi.

"Haipigi kelele," Baba alisema. "Inaandika tu."

Alikuwa amejaza kadi ya kwanza kwa kalamu yake nzuri. Jina: Mama Wakio. Idara: Jikoni.

Mama aliisoma, akamtazama. "Kwa hivyo nimeandikwa kazi?"

"Umeandikwa. Mwajiri ni mimi."

"Na mshahara?"

"Mshahara pia ni mimi."

"Basi nimepunjwa," Mama akasema, na Baba akacheka kwa namna ambayo sikuisikia tena baada ya mwaka ule.

Naomba mzaha huo ukumbukwe. Uliandikwa kwenye kadi na watu wawili waliopendana, na baadaye ukasomwa na watu ambao hawakuwapo.

Kila mwezi tulikwenda mjini, Mama katika koti lake la kanisani, Baba akiwa amebeba kadi ndani ya bahasha ya kaki. Daktari alizipenda kadi zile tangu siku ya kwanza. Aliziweka chini ya taa, akazifuata kwa ncha ya kalamu, akampa Baba mkono.

"Laiti wagonjwa wangu wote wangekuja na kitu kama hiki."

"Daktari," Mama alisema siku moja, "hizi dawa zinaniletea usingizi. Sindano inanidunga na mimi siisikii."

"Utazoea," alijibu, akiwa bado anaitazama kadi. Katika safari zote nilizofuatana nao, sikumbuki akimwuliza Mama swali lolote. Alikuwa na kadi. Nimekutana na maafisa wa namna hiyo maisha yangu yote. Ukiwaletea karatasi safi hawamtazami tena mtu aliyesimama nyuma yake.

Jioni moja tukila, Baba alitusimulia habari za kile kiwanda kilichofungwa. Mfanyakazi mmoja alikwenda kwao kumzika baba yake, akakaa huko wiki tatu, na rafiki yake akawa anamgongea kadi kila siku, asubuhi na jioni.

"Kadi yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote," Baba alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Karani alitaka aandikiwe barua ya pongezi! Na mtu mwenyewe yuko Kisumu anachimba kaburi!"

Sote tulicheka. Mama alicheka pia, kisha akaitazama saa ukutani. Nilimwona akiitazama.

Sasa nifike kwenye yangu.

Katika miezi ya kwanza, kadi ya Mama iliwahi kupata wino mwekundu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo alianguka kesho yake. Mimi niliujua wino mwekundu kutoka shuleni. Kwenye daftari ulikuja kwanza, kisha kiboko kikaufuata. Akili ya mtoto wa miaka tisa haikuona sababu ya ukutani petu kuwa tofauti. Niliamini kwamba wekundu ndio uliomwangusha. Dawa nilizichukulia kama peremende ya kumliwaza, tena chungu, lakini ugonjwa wenyewe nilijua unakaa ndani ya utepe wa wino, upande wa chini ulio mwekundu, unangojea dakika ya kumi na sita.

Asubuhi sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa Baba alikuwapo. Lakini jioni alikuwa bado ndani ya basi, naye Mama alikuwa kwenye cherehani. Shule zilikaribia kufunguliwa, wateja wa mbali wasiojua habari za bomba walikuwa wameleta sare kwa marobota, na kila akimeza vidonge vya jioni macho yalimfunga kabla ya kola ya pili. Siku moja sindano ilipita katikati ya ukucha wake. Aliitoa kwa koleo, akaendelea.

"Mama, saa kumi na mbili inafika."

"Nitameza nikimaliza hii."

"Itaandika nyekundu!"

"Basi nigongee wewe. Si unajua?"

Nilipanda kigoda. Nilisubiri mkono mrefu wa saa ufike juu kabisa, kisha nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Ka-ting. Buluu. Droo ikafunguka, nikampelekea vidonge katika kiganja.

"Weka hapo. Mtoto mzuri wewe." Mguu wake haukuacha kukanyaga. Baada ya kitambo akasema, "Hiyo si lazima tuambie Baba. Atasema nakufanyisha kazi."

Tangu siku ile jioni zikawa zangu. Sikuchelewa hata mara moja. Nilitoka mchezoni nikikimbia, nikanawa mikono kana kwamba naingia kanisani, nikapanda kigoda na kungoja. Vidonge niliviweka pale pale, pembeni ya cherehani, na kila nilipotazama tena vilikuwa havipo, nami sikujiuliza vimekwenda wapi. Kilichonihusu ni wino. Niliitazama safu ile ya buluu ikishuka kwenye kadi na nikalala usingizi wa mtu aliyemwokoa mama yake.

Lakini Mama aliendelea kuanguka. Alianguka jikoni, akaanguka kwenye ngazi za kanisa, na ndani ya mwezi mmoja akaanguka mara nyingi kuliko katika miezi yote iliyotangulia. Mjini, daktari alizitandaza kadi chini ya taa. Safi zote. Alikunja uso, akamweleza Baba kwamba kama mgonjwa anameza bila kukosa na bado anaanguka, basi kipimo ni kidogo. Akakiongeza maradufu. Mwezi uliofuata kadi zilikuwa safi vilevile, Mama akiwa na jeraha jipya kidevuni, naye akaongeza dawa ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile lile. Ningeweza kusema. Sikusema kwa sababu sikujua kwamba kuna la kusema. Niliona tu kwamba kadi zinasifiwa, na nilizionea fahari.

Hofu ndiyo iliyomfanya Baba aombe ruhusa ya kutoka kazini mapema. Akawa anafika kabla ya saa kumi na mbili, anagonga kadi mwenyewe, anasimama mbele ya Mama na kikombe cha maji mpaka ameze. Hakuwa akimshuku. Alitaka tu kuwapo. Na hivyo dozi iliyokuwa imepimwa kwa kadi za uongo ikaanza kuingia mwilini mwa Mama yote, bila kupungua hata kidonge.

Kuanguka kulikoma. Baba alimshukuru Mungu kwa sauti mezani. Lakini Mama akawa anatembea akishika ukuta. Ulimi ukamwia mzito, maneno yakatoka yamelowa. Cherehani ikafunikwa shuka. Nilipomwita alinigeukia polepole, kama mtu aliye chini ya maji. Baba alisema tungoje tarehe ya zahanati, iliyobaki siku chache, kwa kuwa daktari alikwisha kusema atazoea.

Mjomba Karanja akatangulia. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, na kofia yake na chupa ya maziwa, akamkuta dada yake kwenye kiti, mate yakimtiririka shavuni. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaiona saa, akachomoa kadi, akaisoma kwa sauti.

"Idara, jikoni." Alimgeukia Baba. "Wewe mtu ya pwani. Umeandika dada yangu kazi? Saa ya kuingia, saa ya kutoka? Kama kibarua ya kiwanda?"

"Shemeji, ni ya dawa. Kaa nikueleze."

"Dawa gani inafanya mtu hivi? Angalia yeye! Wanjirũ, ona mimi. Hata jina yake hajui!"

"Wakati haujafika wa kumhukumu mtu. Kesho kutwa tunakwenda kwa daktari."

"Hakuna kesho kutwa."

Alimbeba Mama hadi kwenye gari la rafiki yake aliyekuwa akingoja njiani. Baba alimfuata na mfuko wa karatasi wenye dawa, akautia dirishani. Mjomba aliutoa, akautupa kwenye ua la michongoma. "Sumu yako baki nayo," alisema, na gari likaondoka. Baba aliokota vidonge kimoja kimoja miibani, na mimi nikimsaidia.

Alikwenda Muthangari kwa miguu alasiri ile ile. Hakufunguliwa geti. Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa, akiwa na ule mfuko, akaita kwa jina kila mtu aliyempita, akiomba dawa tu ipelekwe ndani. Siku ya nne Mama alianza kutetemeka asubuhi, na mitetemeko haikuachana. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Huko ndiko Baba alikoelezwa kwamba dawa zile, mtu akizizoea kwa wingi, haziachwi ghafla. Mwili hulipiza. Nasikitika kuandika kwamba Mjomba alikuwa amesimama hapo hapo, na alisikia, na kila Krismasi kwa maisha yake yote alisimulia kana kwamba hakusikia.

Asubuhi ya mazishi koti jeusi la Baba lilikosa kifungo. Alikwenda kwenye cherehani, akafungua lile kopo ambamo Mama alihifadhi vifungo, akalimimina juu ya meza. Vifungo vya sare vilikuwa vyeupe na vya kijivu. Katikati yake vilikuwamo vidonge, vingi, vingine vimeanza kubanduka kingo kwa kusagana.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Baba alivitenga kwa kidole, vifungo huku, vidonge huku, kwa utaratibu aliotumia kutenga skrubu. Kisha akaichukua ile bahasha ya kaki, akazitoa kadi, akavaa miwani. Kidole chake kilishuka kwenye safu ya asubuhi, iliyogongwa kwa hesabu ya Kizungu ambayo saa kumi na mbili huiita sita: sita na dakika nne, sita na kumi na moja, sita na mbili, sita na tisa. Kikahamia safu ya jioni. Sita kamili. Sita kamili. Sita kamili, hadi chini, kadi baada ya kadi, mpaka jioni ile alipoanza kugonga mwenyewe.

Hakuna mtu mzima duniani anayegonga kadi hivyo. Baba alikuwa amezisoma kadi za viwanda kwa miaka, alilijua hilo kuliko yeyote. Aliinua macho akaitazama saa, akatazama kigoda kilichokuwa chini yake, kisha akanitazama mimi. Nilitaka kufa. Alichukua kifungo kimoja cha kijivu, akatunga uzi, akakishona mwenyewe.

Baada ya kaburi ukoo ulikaa kikao sebuleni kwa Mjomba. Kadi ile ya Idara: Jikoni, ambayo Mjomba aliondoka nayo Jumapili ile, ilipitishwa mkono kwa mkono, na kila mzee aliitikisia kichwa. Mjomba aliuliza mbele ya wote, "Hizo dawa nyingi hivyo, ni nani alisema apewe? Na kwa nini?"

Baba alikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, bahasha nzima. Angezitandaza kadi mezani, awaonyeshe safu ya jioni, kila kitu kingeeleweka: kwa nini daktari aliongeza, kwa nini dozi ilizidi. Niliuona mkono wake ukienda kifuani. Nami nilifungua mdomo, naapa kwamba niliufungua.

"Wakio," akasema, bila kunitazama. "Niletee maji."

Nilitoka. Nikiwa bado mlangoni nilimsikia akiwajibu, kwa sauti aliyotumia kuwaeleza wateja.

"Kosa ni la saa. Ilikuwa na hitilafu, nami niliitengeneza vibaya. Ikamwandikia daktari mambo yasiyokuwapo. Kazi ni yangu. Kosa ni langu."

Fundi, mbele ya wakwe zake na majirani, alikiri kwamba hajui kutengeneza saa. Neno hilo lilifika Riruta kabla yetu. Majirani waliokuwa wakimletea redio na pasi zao waliacha, akiwamo Mama Atieno, na wengine waliojua njia ya River Road walilipeleka hadi huko. Aliendelea na kazi, lakini alipewa tapureta tu, kamwe si saa. Hatukulizungumza jambo lile. Nilipokuwa msichana mkubwa nilijaribu mara moja, akaniuliza kama nimemaliza kupiga pasi sare yangu.

Alikufa nikiwa karani wa daraja la chini. Mjomba alikuja mazishini, akalia, akala, akasimulia. Na mimi, ambaye kazini nilikuwa nikirudisha barua kwa wakubwa kwa sababu ya tarehe moja iliyokosewa, nilimwongezea chai. Baadaye yeye mwenyewe alipozikwa nilikaa safu ya pili, nikamsikiliza mchungaji akimsifu kuwa ndugu aliyemwokoa dada yake mikononi mwa katili, ingawa alichelewa. Nilitia sadaka yangu kikapuni, nikaenda nyumbani.

Wambui alinisikiliza mkahawani hadi mwisho. Mkate wake haukuliwa. Aliusogeza kando, akasema, "Lakini Anti, ulikuwa mtoto."

Hilo si sahihisho. Ni huruma, na huruma haiingizwi jaladani. Daktari yule hakumwuliza mgonjwa wake swali moja. Babu yako alitupa dawa kwenye michongoma na akafunga geti, akaambiwa matokeo yake akiwa amesimama, akayaficha. Wote wawili walizikwa na sifa zao. Mtu mmoja tu ndiye aliyebeba lawama, naye ndiye pekee ambaye hakuwa na ya kubeba.

Saa ninayo, chumbani kwangu, na kovu lake ubavuni. Kila niliyempa aitazame, fundi au mtaalamu, amenihakikishia lile ninalolijua tangu nikiwa na miaka tisa. Haina hitilafu, na haikuwahi kuwa nayo. Baba yangu aliitengeneza vizuri. Aliyegonga kadi ni mimi.